Amilesi ya mkate na amilesi ya sabuni: je, ni kitu kimoja?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi naoka mikate ya kuuza. Juzijuzi nimenunua kiboreshaji cha unga, na kwenye mfuko wake kumeandikwa "alfa-amilesi". Rafiki yangu aliyesomea kemia akaniambia hicho ndicho kitu kinachotiwa kwenye sabuni ya unga ya kufulia, na kwamba hata viwanda vya nguo hukitumia. Tangu hapo roho yangu haijatulia. Je, ni kweli? Kama ni kweli, si nitakuwa nawalisha wateja sabuni? Tena kuna jambo jingine: siku hizi mkate wangu mara nyingine unatoka umenatanata ndani, kisu kinashika, ilhali muda wa kuoka ni ule ule na joto ni lile lile. Nisaidie.

Jibu: Rafiki yako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu zaidi wewe mwokaji.

Amilesi ni ukoo mzima wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kuisha. Imo kwenye mate yako, imo kwenye majimaji ya kongosho, imo ndani ya punje ya nafaka inayoota, na kuvu na bakteria wengi huitoa ili wajipatie chakula. Kazi yake ni ile ile popote ilipo: kukata wanga. Kinachotofautiana ni hali ambazo kila moja inaweza kuzistahimili. Ipo inayoharibika kabla mkate haujaiva, ipo inayopitishwa kwenye mvuke wa nyuzijoto 105 ikatoka nzima, na ipo inayofanya kazi ndani ya maji makali ya sabuni. Kwa hiyo mtu wa kiwandani akitafuta amilesi, jambo la kwanza analotaka kujua ni inakufa wapi. Aliyekuuzia kiboreshaji alipaswa kukueleza hilo kabla hujatoa pesa.

Tuanze na wanga wenyewe. Wanga ni glukosi nyingi zilizoshikana mfano wa shanga kwenye uzi. Katika ngano na mahindi ya kawaida, kiasi cha robo hivi ni amilosi, ambayo karibu yote ni uzi mmoja mrefu. Iliyobaki ni amilopektini, ambayo uzi wake hutoa matawi, na matawi yakatoa mengine. Alfa-amilesi hukata katikati ya uzi, popote inapofika. Mikato michache tu inatosha kuvunja urefu wake, ndiyo maana wanga ulioiva ukitiwa alfa-amilesi hulegea na kuwa majimaji muda mrefu kabla haujawa mtamu. Beta-amilesi huanzia mwisho wa uzi na kuchomoa shanga mbilimbili. Jozi hizo ndizo sukari iitwayo maltosi. Glukoamilesi huchomoa moja moja, ikakupa glukosi tupu. Zikifika penye tawi, hizi hukwama au husuasua, na hapo kiwanda huongeza pululanesi, ambayo kazi yake ni kukata matawi. Kumbuka pia kwamba chembe ya wanga mbichi isiyopasuka ni ngumu kuingilika. Amilesi hupata nafasi pale chembe ilipovunjika wakati wa kusaga, au ilipovimba kwa maji na joto.

Watu walitumia nguvu hii kwa maelfu ya miaka bila kuijua, kila walipootesha nafaka kupata kimea. Mwaka 1811, Gottlieb Kirchhoff aliyekuwa akifanya kazi Urusi alichemsha wanga pamoja na asidi ya sulfuriki akapata sukari. Kwa miaka mingi asidi ndiyo ikawa njia ya viwanda, pamoja na rangi na uchungu wake. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitenga kutoka kwenye kimea cha shayiri kitu kilichoyeyusha wanga bila asidi, nao waliona kwamba joto la kuchemka hukiondolea nguvu. Kisha mwaka 1894 Mjapani Jokichi Takamine akapata hataza nchini Marekani ya kutengeneza amilesi kwa kukuza kuvu aitwaye Aspergillus oryzae juu ya pumba. Iliuzwa kama dawa ya tumbo kwa jina la Taka-Diastase. Ikiwa kiboreshaji chako ni cha aina ya kawaida, basi amilesi iliyomo inatoka kwa kuvu huyo huyo.

Sasa twende kwenye tanuri lako. Unga wa ngano iliyovunwa kavu una beta-amilesi ya kutosha lakini alfa-amilesi kidogo mno. Beta inataka ncha za kuanzia, na ncha hutengenezwa na alfa. Alfa ikipungua, maltosi inapungua, hamira inakosa chakula baada ya sukari ya mwanzo kwisha, mkate haupandi vizuri na ganda lake linabaki limepauka. Ndiyo sababu wasagaji huongeza alfa-amilesi, ama kwa unga wa kimea ama kwa kimeng'enya cha kuvu. Kiasi chake ni kidogo sana: gramu chache kwa kila kilo 100 za unga, kutegemea nguvu ya bidhaa.

Fuatilia kinyunya kikiwa kwenye tanuri. Joto la ndani likikaribia nyuzijoto 55, hamira inakata roho. Kati ya hapo na 65 hivi, chembe za wanga zinavimba na kufunguka, na amilesi bado iko hai. Dakika hizi chache ndizo za thamani. Wanga unakatwa kiasi, kinyunya kinachelewa kukaza, kinapata nafasi ya kutanuka zaidi. Amilesi ya kuvu huanza kupoteza nguvu kuanzia kama nyuzijoto 60, na ikifika 75 kazi yake imekwisha. Mkate unaendelea kuiva hadi ndani yake kukaribia 95 au zaidi kidogo, na wakati huo hakuna tena mkataji.

Badilisha sasa, tuseme umetiwa amilesi ya bakteria, ile inayostahimili joto. Inapita 75, inapita 85, na wanga wote umeshaiva, uko wazi kabisa. Inaendelea kukata bila kizuizi. Unatoa mkate, unauweka upoe, na pengine hata hapo bado inakata. Vipande vifupi vya wanga, yaani dekstrini, vinajaa ndani. Ukitia kisu, kinatoka na utando, na ukibonyeza mkate kwa kidole haurudi. Umeuoka vizuri tu. Tatizo ni kwamba mkataji hakufa kwa wakati.

Ila usimlaumu muuzaji haraka, maana hali hiyo hiyo huletwa na ngano iliyonyeshewa shambani ikaanza kuota kwenye suke. Punje inayoota hujitengenezea alfa-amilesi nyingi, nayo ni ngumu kufa kuliko ile ya kuvu. Viwanda vya kusaga huitambua kwa kipimo cha Hagberg: gramu 7 za unga na mililita 25 za maji kwenye mrija wa kioo, mrija ndani ya maji yanayochemka, unakorogwa kwa sekunde 60, kisha kijiti kinaachwa kizame kwa uzito wake. Uji ukiwa mzito kinazama polepole, ukiwa umekatwakatwa kinashuka mara moja. Muda wote kwa sekunde ndiyo namba ya unga. Kama 250 ni nzuri kwa mikate mingi, chini ya 200 ni dalili ya ngano iliyoota, na inayokaribia 400 ni unga wenye uhaba wa alfa-amilesi. Lakini kipimo hiki kina kasoro ambayo wengi huisahau. Kinafanyika kwenye maji yanayochemka, na amilesi ya kuvu huharibika mapema humo, kwa hiyo haionekani sawasawa. Unga uliokwisha kutiwa amilesi hiyo kiwandani unaweza kusoma namba ya juu, nawe ukaongeza kiboreshaji juu yake ukidhani hauna kitu. Nadhani hili la kutia mara mbili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Unaweza kukadiria mwenyewe jikoni. Pika wanga wa mahindi na maji mpaka ushike uzito wa gundi, uache upoe hadi uwe vuguvugu ya kuunguza kidogo, kama nyuzijoto 50, ugawe kwenye glasi tatu. Ya kwanza usiitie kitu. Ya pili koroga kiboreshaji kidogo. Ya tatu tia kiboreshaji kiasi hicho hicho, ila kwanza kiwe kimekaa ndani ya maji ya nyuzijoto 80 kwa dakika kumi. Ziweke mahali pa joto kwa nusu saa. Ya pili ikilegea na ya tatu ikabaki nzito kama ya kwanza, una amilesi ya kuvu. Ya tatu nayo ikiwa majimaji kabisa, una kitu kinachostahimili joto, nawe umeshapata mshukiwa wako. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukupa neno la kumwambia muuzaji.

Kuna aina moja iliyo katikati, nayo ni ujanja ninaoupenda kuliko yote katika fani hii. Mkate uliolala huwa mgumu hata ukifungwa vizuri, kwa sababu matawi ya amilopektini hujipanga upya na kuganda baada ya kupoa. Friji, kwa taarifa yako, huharakisha jambo hilo. Amilesi iitwayo ya kimaltosi, iliyopatikana kwa bakteria apendaye joto, Geobacillus stearothermophilus, hustahimili hadi wanga uive, ikapunguza ncha za matawi hayo yasiweze kujipanga, kisha ikafa kabla mkate haujatoka. Haikati sana katikati ya uzi, kwa hiyo mkate haunati. Ndiyo inayofanya mikate ya viwandani ibaki laini kwa siku nyingi. Lakini haizuii ukungu hata kidogo. Anayekuuzia kama dawa ya kuhifadhi mkate hajui anachouza.

Sasa uone upande wa pili, ambako kufa mapema ndiko kunakoleta hasara. Kiwanda cha shira ya glukosi huchanganya wanga na maji hadi theluthi moja hivi iwe yabisi. Mchanganyiko huo ukiupasha moto peke yake unakuwa jiwe. Hakuna pampu itakayousukuma. Kwa hiyo amilesi ya Bacillus licheniformis hutiwa kabla ya joto, mchanganyiko unapigwa mvuke hadi nyuzijoto 105 kwa dakika chache, kisha unashikiliwa kwenye 95 kwa saa moja au mbili. Wanga unafunguka na kukatwa papo hapo. Ukiukausha katika hatua hiyo unapata maltodekstrini, ile unayoisoma kwenye makopo ya maziwa ya unga na supu za pakiti. Ukitaka sukari, unapoza hadi 60, unashusha pH, yaani kipimo cha uasidi, hadi karibu 4.5, unatia glukoamilesi ya kuvu Aspergillus niger na pululanesi, unangoja siku moja hadi tatu. Zaidi ya asilimia 90 ya yabisi inakuwa glukosi.

Glukosi hiyo inaweza kupitishwa kwenye kimeng'enya kingine kinachoigeuza sehemu yake kuwa fruktosi, ambayo ni tamu zaidi. Njia hii ilianza kufanywa kiwandani miaka ya 1960 huko Japani na Marekani, na shira yenye fruktosi asilimia 55 ndiyo inayotia utamu soda nyingi za Marekani. Hapo mafundi hukutana na kero moja. Alfa-amilesi ya zamani ilihitaji kalsiamu ili isivunjike kwa joto, ilhali kimeng'enya cha fruktosi huzuiwa na kalsiamu na hutaka magnesi, tena hutaka pH ya juu, kati ya 7 na 8. Kwa hiyo unatia chumvi hapa, unaiondoa pale, unatia asidi, unatia alkali. Sehemu kubwa ya juhudi za watengenezaji wa amilesi mpya imekuwa kupata inayofanya kazi bila kalsiamu nyingi na kwenye pH ya chini zaidi.

Viwanda vya sukari ya miwa navyo hutumia amilesi, jambo linaloshangaza wengi. Maji ya muwa yana wanga kidogo, lakini kidogo hicho hufanya shira iwe nzito na kuchelewesha sukari kuganda. Wakitia amilesi inayostahimili joto kupita kiasi, mabaki yake yanaweza kusafiri ndani ya sukari yenyewe hadi kwa mteja, na mteja huyo akitengeneza sosi au kastadi iliyokazwa kwa wanga, anashangaa inalegea kwenye kopo. Kwa hiyo wanashauriwa kutumia ya wastani, inayomaliza kazi kisha ikafa humo humo kiwandani. Tatizo lao na la mkate wako ni moja.

Kwenye bia, amilesi hutoka kwenye kimea chenyewe, na mpishi huchagua kwa joto: karibu na 63 beta-amilesi inatawala na bia inakuwa kavu yenye kilevi zaidi, karibu na 70 beta inakufa, alfa inabaki, na bia inakuwa nzito mdomoni. Kwenye ethanoli ya mafuta ya magari, hasa Marekani ambako zaidi ya theluthi ya mahindi huishia huko, mambo ni kama ya shira, ila chachu hutiwa pamoja na glukoamilesi ili glukosi iliwe kadiri inavyozalishwa. Juisi ya matufaha yaliyochumwa mapema nayo huwa na wanga unaoifanya isiwe angavu kwenye chupa, na amilesi huuondoa.

Sasa nguo. Nyuzi za mtande husuguliwa sana kitandani mwa mfumi, na zisipokazwa hukatika. Kwa hiyo hupakwa kanji, yaani uji wa wanga. Nguo ikishafumwa, kanji hiyo lazima itoke, la sivyo rangi itashika mabakamabaka. Zamani walitumia asidi au dawa za kuunguza, na pamba ikadhoofika. Pamba ni selulosi, nayo pia imejengwa kwa glukosi, lakini imeungwa kwa namna ambayo amilesi haiwezi kuigusa. Amilesi ya bakteria inakula kanji na kuiacha pamba ilivyo, na hapa kustahimili joto ni sifa, kwa kuwa maji ya moto huharakisha kazi na mabaki huoshwa. Viwanda vya karatasi hutumia amilesi kulainisha gundi ya wanga kabla ya kuipaka juu ya karatasi.

Na sabuni. Doa la chakula chenye wanga hufanya kazi kama gundi: hushikilia vumbi na rangi kwenye kitambaa. Amilesi ya sabuni lazima ivumilie pH ya 9 au 10 pamoja na viondoa madoa vinavyotoa oksijeni. Ya B. licheniformis ya asili ilikuwa na udhaifu mahali pamoja, asidi amino ya 197, methionini, ambayo oksijeni huishambulia. Wahandisi wakaibadilisha kwa lusini, na kimeng'enya kikapona. Protini ile ile ikabadilishwa kiungo kimoja tu kati ya mia kadhaa, ikapata ajira nyingine.

Kwa hiyo huwalishi wateja sabuni. Unatumia ndugu wa mbali wa kile kilichomo kwenye sabuni. Amilesi ya kuvu iliyofia ndani ya mkate humeng'enywa tumboni kama protini nyingine, na wanga wa mkate ungekatwa na mate na kongosho la mlaji vyovyote vile. Lakini usije ukatia kwenye unga kimeng'enya cha nguo au cha sabuni kwa sababu ni rahisi kupatikana. Usafi wake na vitu vilivyochanganywa navyo havikukusudiwa kuliwa. Wateja wakiuliza asili yake, nyingi za sasa hutokana na kuvu na bakteria wanaokuzwa kwenye matangi, wengine wakiwa wamebadilishwa vinasaba, na muuzaji anaweza kukupa karatasi inayosema hivyo.

Hatari iliyopo ni yako wewe, na iko puani. Vumbi la alfa-amilesi ya kuvu ni kisababishi kinachojulikana cha pumu ya waokaji. Huanza kwa chafya na macho kuwasha ukiwa kazini, unapata nafuu siku za mapumziko, kisha kifua kinabana. Ukishapata mzio huo haukuachi kirahisi. Usimimine kiboreshaji kutoka juu, usipige mfuko mtupu, vaa barakoa unayoibana vizuri usoni, futa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Kama muuzaji anacho cha chembechembe au cha maji, chukua hicho hata kama bei imezidi kidogo.

Kuhusu mkate unaonata: acha kiboreshaji kwa siku mbili tatu, oka kwa unga mtupu. Ukiendelea kunata, tatizo ni unga, na kiwanda kilichousaga kinapaswa kukupa namba yake ya Hagberg na kukwambia kama tayari kimetia amilesi. Ukiacha kunata, fanya kile kipimo cha glasi tatu. Ukikuta ni ya kuvu, punguza kipimo hadi nusu na upande polepole. Ukikuta inastahimili joto na mfuko hausemi kuwa ni ya kimaltosi, rudisha. Na kila ukianza shehena mpya ya unga, rudia kuanzia chini, kwa kuwa ngano ya msimu mmoja haifanani na ya mwingine.